Mtalaka wa Ngiri na Nyumba ya Kichuguu

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama wakioana, wakiachana na kugombea vyungu kama viumbe wengine wowote, palikuwa na nguchiro mmoja jina lake Siwema. Sogeeni karibu. Na wewe unayenyonyoa mkeka, uache, mkeka haujakukosea.

Nguchiro mnamjua: mwili mrefu, miguu mifupi, na pua inayotaka kujua kila jambo. Siwema alikuwa mfupi kupita nguchiro wote, naye alikuwa wa kwanza kulisema hilo kabla mwingine hajalisema.

"Mungu alipogawa miguu," husema, "nilikuwa nimesimama nyuma ya tembo. Nilipopata pa kupita, yalikuwa yamebaki makombo!"

Wenzake wakicheka, na yeye akicheka. Aliona hivi: ukijicheka mwenyewe kwanza, wanaokuja kukucheka baadaye wamechelewa.

Mumewe alikuwa ngiri. Ndiyo, ngiri! Yule mwenye pembe zinazotoka mdomoni na vinundu usoni. Msicheke. Zamani hizo mapenzi hayakupimwa kwa kamba. Jina lake Mshindo, kwa kuwa akitembea ardhi huitika, na akilala paa huitika.

Walipatanaje? Mshindo alikuwa na kupe kochokocho nyuma ya masikio, asipoweza kufika. Siwema alikuwa na njaa. Akamrukia shingoni akamdonoa kupe mmoja, akadonoa na mwingine, na mwingine, mpaka akashiba.

"Aaah," akasema Mshindo, macho yamelegea. "Unakuna vizuri wewe."

"Na wewe una ladha nzuri," akajibu Siwema.

Basi wakaoana.

Walijenga nyumba ndani ya kichuguu kikubwa ukingoni mwa mbuga. Mshindo alichimba mlango na ukumbi kwa pua na pembe zake, tifu, tifu, vumbi mpaka mawinguni. Siwema alichimba vyumba vya ndani, ujia, jiko na tundu la kutolea moshi, kwa vikucha vyake, kwaru, kwaru, kwaru. Watoto wakazaliwa humo, wafupi kama mama, wakaidi kama baba, na vinundu vidogo mashavuni.

Sasa ndoa ile, wanangu, haikuvunjika kwa kishindo. Iliisha kama mchele unavyoisha kwenye mtungi: kidogokidogo, mpaka siku unatumbukiza kibaba unasikia kwaa!

Mshindo alikoroma; Siwema akasema. Mshindo aliingia na tope, Siwema akasema. Mshindo akanyamaza asijibu. Siwema akasema mara mbili, sehemu yake na ya mumewe.

Siku moja Mshindo akatikisa masikio.

"Mke wangu, nimechoka kuchokolewa!"

"Na mimi nimechoka kuchokoa!"

"Basi tuachane."

"Tuachane!"

Wakaachana. Kisha wakabaki wanatazamana.

"Haya, kwaheri," akasema Siwema.

"Kwaheri," akasema Mshindo.

Hakuna aliyeondoka.

"Bwana Mshindo, nimesema kwaheri."

"Nami nimeitikia. Nakungoja uende."

"Niende wapi? Hii ni nyumba yangu!"

"Ala! Na huu mlango kauchimba nani?"

"Na jiko je, kalichimba nani? Mlango bila nyumba ni shimo tu, bwana!"

"Na nyumba bila mlango ni kaburi, Bi. Siwema!"

Hapo kila mmoja alijua mwenziwe amesema kweli. Na watoto walikuwa wamesimama kwenye ujia wakisikiliza, masikio yamesimama wima.

Siwema akashusha sauti. "Sikiliza, baba watoto. Tumeachana sisi, watoto hawajaachana na mtu. Tuigawe nyumba kwa amani."

"Tuigawe," akasema Mshindo. Naye hakuwa mbaya, masikini. Alikuwa mnene tu.

Siwema akachota majivu jikoni akapiga mstari katikati ya nyumba, kutoka ukuta hadi ukuta. Akasimama akiutazama kwa fahari. Kazi safi! Upande huu wa Mshindo, upande huu wake. Akajisemea moyoni, "Waache waniite mfupi. Akili yangu ndiyo iliyorefuka."

Kulipokucha, Siwema akataka kwenda kutafuta mende. Akafika kwenye mstari, akasimama. Mlango ulikuwa upande wa Mshindo.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Nani?" akauliza Mshindo, naye anamwona.

"Mimi mtalaka wako. Naomba kupita."

"Subiri kidogo, nafikiri."

Akafikiri mpaka jua likapanda. Alipomaliza kufikiri, mende walikuwa wamekwenda zao.

Mchana Mshindo akasikia njaa. Akaja kwenye mstari, akasimama. Jiko lilikuwa upande wa Siwema, na viazi pori vinachemka, bwata, bwata, bwata.

"Hodi," akasema Mshindo.

"Nani?"

"Mimi mtalaka wako. Naomba kula."

"Subiri kidogo," akasema Siwema, "nami nafikiri."

Ikawa ndiyo maisha. Mwenye mlango hana chakula, mwenye chakula hana mlango. Watoto ndio walionenepa, kwa kuwa wao waliruka mstari huku na huku wakila kwa mama na kucheza kwa baba, na nyayo zao za majivu zikajaa nyumba nzima.

Siwema akaukodolea macho mstari wake. "Hongera, Siwema," akajiambia. "Umeigawa nyumba barabara. Umejipa gereza lenye jiko."

Hata hivyo wangezoea, maana hata jela huzoeleka. Lakini habari zikamfika dada yake Mshindo.

Huyo aliitwa Bi. Mafunda. Ngiri jike, mashavu kama mifuko miwili ya korosho, na pembe kubwa kuliko za kaka yake. Alikuja asubuhi na jamvi lake, chungu chake, na kinyesi cha tembo alichosema ni dawa ya upepo. Hakupiga hodi.

"Nimesikia kaka yangu ameacha mke," akasema. "Nimekuja kukaa kwenye nyumba ya kaka yangu."

"Karibu, wifi," akasema Siwema. "Ila nyumba hii ina mstari, na..."

"Mstari gani?" Bi. Mafunda akageuka mlangoni, akatanguliza makalio, akaanza kuingia kinyumenyume kama ngiri wote wanavyoingia nyumbani. Kruu, kruu, kruu! Makalio yakapita ukumbini, yakapita juu ya mstari, yakasukuma mafiga, yakaketi. Majivu yakamganda nyuma. "Mimi sioni mstari wowote."

"Umeukalia, wifi."

"Basi nilipoukalia ndipo unapoishia. Na usiniite wifi. Wifi ni mke wa kaka, nawe si mke wa mtu. We kiduchu, chukua vifaranga vyako ukatafute tundu la kimo chako."

Siwema akamtazama Mshindo. Mshindo akatazama kwato zake.

"Dada," akasema kwa kunong'ona, "na watoto je?"

"Watoto wana mama. Kama hakubali, twende kwa Mzee Kifaru akatuamue. Tuone kati ya mwenye pembe na mwenye vikucha, nani atapewa nyumba!"

Wanangu, siku ile Siwema hakujicheka. Aliingia chumba cha ndani kabisa, kile alichokichimba akiwa na mimba, akalala kifudifudi. Aliyapapasa matandiko ya watoto. Kila kona ya chumba kile alikuwa ameikwangua mwenyewe mpaka kucha zikatoka damu. Sasa atatolewa na makalio!

Makalio.

Siwema akainuka. Akachungulia ukumbini. Mshindo alikuwa anarudi kutoka malishoni, naye akageuka mlangoni, akaja kinyumenyume, kruu, kruu, uso wake wote ukitazama mbuga. Ndivyo wanavyofundishwa na mama zao: tanguliza nyuma, pembe zibaki mlangoni kumngojea adui. Wamezoea hata hawajui kama wanafanya.

"Eeeh," akasema Siwema taratibu, pua ikimcheza. "Kumbe."

Kesho yake wakaenda kwa Mzee Kifaru. Baraza lake lilikuwa dimbwi la tope, naye alikaa katikati mpaka kifuani. Macho yake hayakufika mbali, ila sauti yake ilifika. Alikuwa na tabia moja: alipenda sana kuulizwa mambo anayoyajua.

Bi. Mafunda akaanza. "Mzee, mimi si msemaji. Tazama pembe zangu, tazama na mdomo wake. Nimemaliza."

"Mh! Hoja nzito," akasema Mzee Kifaru, ambaye kwake pembe zilikuwa hoja. "Nawe mama, uko wapi? Sikuoni."

"Niko hapa chini, mzee," akasema Siwema. "Usijisumbue kunitafuta. Hata kivuli changu huwa kinaniacha njiani kikafuatana na watu wa maana."

Mzee Kifaru akacheka, puu, mapovu yakatoka topeni.

"Mimi sina hoja," akaendelea Siwema. "Kiumbe wa kimo changu hoja zake hupita chini ya matumbo ya wakubwa, hazimgusi mtu. Nina swali tu, la kijinga, nisije nikaikosea hukumu yako kwa kutoelewa."

"Uliza, uliza!"

"Mtu akiwa mlangoni, mzee, utajuaje kama anaingia au anatoka?"

"Ebo! Hilo nalo swali?" Mzee Kifaru akavimba kwa furaha. "Unatazama uso. Uso ukielekea ndani, anaingia. Uso ukielekea nje, anatoka. Hata mtoto wa kunyonya anajua."

"Lo! Kumbe ni rahisi hivyo," akasema Siwema, akajipiga kichwani. "Na mimi siku zote nakaa kushangaa! Basi mzee, utusaidie wajinga. Njoo nyumbani kesho asubuhi. Atakayeingia mbele ya macho yako, nyumba ni yake. Atakayetoka, ametoka, aende kwa amani. Hapo hata mimi nitaelewa."

"Kuingia tu?" Bi. Mafunda akaangua kicheko mpaka mashavu yakapigana. "Niingie nyumbani kwa kaka yangu, basi iwe yetu? Nakubali! Nakubali haraka kabla hajabadili!"

"Na wewe Mshindo?" akauliza Mzee Kifaru.

Mshindo alikuwa anamtazama Siwema. Alikuwa ameoana naye muda wa kutosha kujua kuwa pua yake ikicheza hivi, kuna jambo. Akamgeukia dada yake anayecheka.

"Nakubali," akasema.

Asubuhi ikafika. Mzee Kifaru akaja akasimama karibu kabisa na mlango, kwa sababu ya macho. Watoto wakapanda juu ya kichuguu wakakaa safu.

"Watangulie wakubwa," akasema Siwema kwa adabu. "Sisi wa makombo tutafuata."

Bi. Mafunda akaja mbio, vumbi linaruka. Alipofika mlangoni, akageuka. Makalio ndani, uso nje. Kruu, kruu...

"Simama!" akanguruma Mzee Kifaru. "Unakwenda wapi?"

"Naingia!"

"Uso wako uko wapi?"

"Si huu hapa, mzee, tunatazamana!"

"Ndiyo maana nauliza. Tunatazamana, nami niko nje. Basi unatoka."

"Mimi? Natoka?" Bi. Mafunda akapepesa macho. "Mzee, naingia! Ndivyo tunavyoingia!"

"Labda macho yangu madogo yananidanganya," akasema Siwema, akijikuna shingo. "Mimi pia naona uso. Lakini mimi ni nani? Mzee ndiye aliyetuambia jana, hata mtoto wa kunyonya anajua."

"Nilisema!" Mzee Kifaru akapiga mguu chini, ndi! "Nami sirudi nyuma kwa neno langu. Mafunda, umetoka!"

Bi. Mafunda akaruka kwa hasira. Akajaribu kuingia kwa kichwa. Lakini ngiri, wanangu, hajui kuwapa watu mgongo. Alipofika nusu, kichwa gizani na makalio juani, mwili ukamsisimka. "Nani yuko nyuma yangu? Nani?" Hapakuwa na mtu ila upepo. Akapiga kelele, "Weee!" akachomoka, akatimua mbio mkia umesimama juu kama kijiti, na jamvi lake akaliacha.

Akabaki Mshindo.

Mshindo akaja polepole. Akafika mlangoni. Siwema aliona anasita, kama anayetaka kuingia kwa uso. Kisha akageuka, kama baba yake na babu yake, akarudi nyuma hatua chache, uso ukabaki nje.

"Unatoka," akasema Mzee Kifaru.

"Ndiyo, mzee," akasema Mshindo. "Nafikiri ninatoka."

Akatoka. Alipompita Siwema akasema kwa sauti ya chini, "Umeniweza, mama watoto." Akaenda zake kwenye nyasi, kwa dada yake.

Siwema akaingia nyumbani, uso mbele, mkia juu. Akapiga kigelegele kimoja kikubwa! Kikazunguka ukumbi mtupu, kikagonga ukuta, kikamrudia mwenyewe.

Watoto wakaja wakamzunguka. Mdogo wao akauliza, "Mama, baba anarudi saa ngapi?"

"Baba yenu ametoka, mwanangu. Mzee Kifaru kasema."

"Lakini sisi tulimwona anaingia."

Siwema akaugeukia mlango.

"Kaoshe miguu," akasema.

Siku zikapita. Siwema akazunguka nyumba yake. Akakaa ukumbini, ukumbi ukammeza. Akahamia pembeni, akaonekana kama punje ya mtama iliyosahauliwa kwenye gunia. "Kubwa kweli," akajiambia. "Ningejua ningeomba kimo kwanza, nyumba baadaye." Akajaribu kucheka. Kichekesho kile hakikuwa na msikilizaji.

Ndipo mvua za masika zikaanza. Alasiri moja mbingu ikafunguka, chwaaa! Maji yakateremka kutoka mbugani, yakafika kwenye kichuguu, yakaukuta mlango. Na mlango ule, wanangu, ulichimbwa kwa kipimo cha ngiri mnene. Siku zote masika yakianza, Mshindo ndiye aliyelala pale na kurundika udongo kwa pua yake mpaka maji yakapita kando. Siwema hakuwahi hata kuliona hilo kuwa kazi. Alidhani ni uvivu.

"Maji! Maji!" wakalia watoto.

Siwema akaziba kwa mkeka. Maji yakauchukua mkeka. Akaziba kwa ungo. Ungo ukapita unazunguka kama mtu anayecheza ngoma. Akaziba kwa jamvi la Bi. Mafunda, nalo likaondoka bila kuaga, kama mwenyewe. Mwisho akasimama yeye mlangoni, akanyoosha mikono yote.

"Hapiti mtu!" akapaza sauti.

Maji yakampita kushoto. Yakampita kulia. Yakampita juu ya kichwa. Yakampita hata chini ya tumbo, ambako hakuwa na habari kwamba pana nafasi.

Akakokota watoto mmoja mmoja kupitia tundu la moshi hadi juu ya kichuguu. Wakakaa pale, wamelowa, meno yanagongana, wakitazama vyungu vyao vinatoka mlangoni kimoja baada ya kingine.

"Mama," akasema yule mdogo, "chungu kile kinatoka au kinaingia?"

"Kinatoka, mwanangu," akasema Siwema. "Safari hii sina ubishi."

Mvua ilipokatika, akateremka, akawaambia watoto wamngoje, akaenda kwenye nyasi kumtafuta mtalaka wake.

Alimkuta Mshindo nje ya pango la dada yake, amekaa kwenye dimbwi, amekonda, masikio yamejaa kupe. Ndani Bi. Mafunda alikuwa anamfokea kwa jambo fulani.

"Hodi," akasema Siwema.

"Nani?" akauliza Mshindo, naye anamwona. Kisha akajirekebisha. "Karibu."

"Sikuja kwa maringo. Nimekuja kusema: nilikuibia nyumba. Ile haikuwa hukumu, ilikuwa hila yangu. Wewe ulikuwa unaingia, Bwana Mshindo. Kila siku ulikuwa unaingia."

"Najua."

"Unajua?"

"Mtu akiingia nyumbani kwake hujua kama anaingia," akasema Mshindo. "Mimi si mwerevu. Hiki kichwa nimepewa kwa ajili ya kubebea pembe tu. Lakini hilo nililijua."

"Mbona hukusema?"

Mshindo akakuna sikio kwa ukwato, akakosa kupe. "Kwanza, nilitaka kucheka. Dada yangu hajawahi kushindwa, nami nilikuwa nangoja siku hiyo tangu utotoni. Halafu nikafikiri: watoto watalala wapi? Nikaona afadhali nitoke mimi mwenye ngozi ngumu. Sikujua kama mvua itawahi."

Siwema akatazama chini, na kwake chini si mbali. Alikuwa amejiita mfupi maisha yake yote kwa mzaha. Siku ile ndipo alipouona ufupi wake, na haukuwa wa miguu.

"Sikuombi turudiane," akasema mwisho.

"Mungu apishe mbali," akasema Mshindo haraka, "wewe unasema sana!"

"Na wewe unakoroma!"

Wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka Bi. Mafunda akatoa kichwa nje kuuliza kuna msiba gani.

"Basi," akasema Siwema, "tukae tukubaliane sisi wenyewe. Bila kifaru, bila wifi, bila mstari wa majivu. Niambie unachotaka, nami sitakuuliza swali la kijinga."

Wakakaa kwenye tope. Mshindo akasema anataka ukumbi wake, kwa kuwa ndio unaomtosha. Siwema akasema anataka vyumba vya ndani na jiko. Mshindo akauliza, na chakula? Siwema akasema, leta viazi pori, mimi nitapika, utapakuliwa pamoja na watoto. Siwema akauliza, na pa kupitia? Mshindo akasema, nitakuchimbia mlango wako upande wa pili, wa kimo chako, palipoinuka, maji yasifike. Kati ya ukumbi na vyumba tutasimamisha ukuta. Na kwenye ukuta tutaacha tundu.

"Tundu la nini?"

"La watoto. Wapite wanapotaka, bila hodi."

Siwema akakubali. Naye akaongeza lake: kila Ijumaa atatoka nje kumtoa kupe, juani, mbele za watu, ujirani tu.

"Ujirani tu," akasema Mshindo, na masikio yakamsimama kwa furaha.

Wakajenga upya. Tifu, tifu kwa huyu. Kwaru, kwaru kwa yule. Siwema akaenda mwenyewe kwenye dimbwi kumweleza Mzee Kifaru kuwa hukumu yake wameiweka kando, na kwa nini. Mzee Kifaru akakasirika kwa kudanganywa, akamfukuza mpaka kwenye miti. Siwema akakimbia huku akikiri kwamba amestahili, ila akaomba apewe nafasi ya kutangulia kwa sababu ya miguu. Bi. Mafunda naye alikuja siku moja kutaka kukaa upande wa vyumba. Akageuka kwenye mlango ule mpya, akatanguliza makalio. Hayakupita. Akajaribu tena. Hayakupita. Akaenda zake akisema nyumba za siku hizi hazina heshima kwa wageni.

Nao wakaishi hivyo, si mke na mume, si maadui. Jioni nyingine, watoto wakiwa wametulia, sauti ya Mshindo hupita ukutani.

"Siwema, umelala?"

"Nimelala."

"Mbona unajibu?"

"Adabu ya ujirani. Na wewe, mbona hukoromi?"

"Nilikuwa nangoja ulalamike."

Basi, wanangu, hapo ndipo hadithi imelala, nasi tuilalie: werevu wa mmoja huipata nyumba, lakini makubaliano ya wawili ndiyo huikalisha.